Saiti yako ya utalii haipandi Google? Angalia kwanza unashindana na nani

Wenye kampuni ndogo za utalii Arusha na Moshi wana swali moja wanalouliza kila siku: nimelipa mtu wa SEO (kazi ya kuipandisha saiti kwenye matokeo ya Google), saiti nzuri, picha kali, mbona wateja hawanioni Google? Mara nyingi jibu halipo kwenye saiti kabisa, lipo kwenye ukurasa wa matokeo ambao hamna mtu aliyekaa chini akausoma. Ushindani wa Google haupimwi kampuni kwa kampuni, unapimwa neno kwa neno la kutafuta, na mtu anaweza kukushinda vibaya kwenye neno moja halafu kwenye neno la pili hayupo hata kidogo. Nitatumia mfano wa kupanda Kilimanjaro kwasababu pale unashindana na dunia nzima na kila kitu unakiona wazi. Kama wewe unauza simu Kariakoo au unafundisha hesabu mtandaoni, badilisha maneno tu, ukaguzi ni uleule.

Kabla ya yote, hakikisha upo mchezoni

Nenda Google andika site: ikifuatiwa na domeini yako bila kuacha nafasi. Zikija kurasa mbili wakati unazo hamsini, usianze kuwasumbukia washindani, Google yenyewe haijakuweka kwenye hifadhi yake ya kurasa (index). Ile namba ya jumla ya matokeo inayokuja pale usiichukulie serious, ni makadirio, we tazama kurasa zenyewe. Ukitaka uhakika ingia Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye saiti, bandika anwani ya ukurasa kwenye kile kisanduku cha juu, itakuambia ukurasa umehifadhiwa au la na kama haujahifadhiwa sababu ni nini.

Kwenye WordPress kuna kitiki kimoja kwenye mipangilio, sehemu ya Kusoma (Reading), kinachoziambia injini za kutafuta zisiihifadhi saiti. Fundi anakiweka wakati anajenga ili saiti isionekane nusunusu, alafu anakabidhi kazi, analipwa chake, anasepa, kitiki kimebaki. Ukikikuta, kitoe, omba Google ipitie upya, subiri kwanza. Kila nilichoandika hapa chini hakikuhusu mpaka hilo liishe.

Dalili: zana imekuambia ushindani ni mdogo, wewe upo ukurasa wa tano

Hii ndo inayowapata wengi. Ukifungua Keyword Planner, zana ya Google ya kuchunguza maneno ya kutafuta, unaona safu ya ushindani imeandikwa mdogo, wa kati au mkubwa, unafurahi, unaandika makala. Ile safu inahesabu watu wanaolipia matangazo kwenye neno hilo basi, haina habari yoyote na wale wanaotokea bure. Neno linaweza kuwa na ushindani mdogo wa matangazo kwasababu tu halina hela ndani yake, huku kwenye matokeo ya kawaida wamekaa Wikipedia na magazeti makubwa ambayo huyatoi leo wala kesho. Na kama hutumii hela ya matangazo, idadi ya watafutaji unapewa kwa mapana, mfano 100 mpaka 1,000, sasa neno la watu mia na neno la watu elfu kwa biashara ni vitu viwili tofauti kabisa. Kitu kimoja cha maana kwenye ile zana ni bei ya kliki. Wakiwa wanalipa hela nyingi kwa kliki moja, ujue kuna watu wanauza kupitia neno hilo.

Zana nyingine kama Ahrefs, Semrush na Moz zinakupa alama ya ugumu ya 0 mpaka 100. Zisome, lakini ujue zinatoka wapi. Ile ya Ahrefs kwa mfano inatazama ni saiti ngapi zimeweka linki kwenda kwenye kurasa kumi za mwanzo, haisomi kama makala zenyewe ni nzuri au zimechoka. Domain Authority ni hesabu ya Moz, Google haiitumii. Google walikuwa na alama yao ya PageRank ambayo mtu yeyote aliweza kuiona, waliiondoa hadharani mwaka 2016, na toka hapo hamna mtu wa nje anayeona Google inampa nani alama gani. Kwahiyo linganisha namba ndani ya zana moja tu, 20 ya huku na 20 ya kule ni vitu tofauti, alafu funga zana ukatazame matokeo kwa macho yako.

Dalili: wewe unajiona namba moja, mteja wa Ujerumani hakuoni

Upo Arusha, umefungua Google, umeandika jina la huduma yako na umetokea juu, umepiga skrinishoti umemtumia bosi. Google inajua upo Arusha. Inajua pia saiti hiyo unaifungua kila siku. Watu wanadhani wakifungua dirisha la siri wamejificha, lile dirisha linaficha historia yako tu, mtandao unaotumia bado unasema upo Tanzania.

Dawa yake ipo rahisi. Mwishoni mwa anwani ya matokeo ya Google ongeza &gl=de kwa Ujerumani, &gl=us kwa Marekani, &gl=gb kwa Uingereza, na &hl=en kama unataka lugha iwe Kiingereza. Haikupi picha kamili ya anachokiona mtu aliyekaa Berlin ila inakusogeza karibu sana. Ukiwa na akaunti ya Google Ads mna kifaa cha kuhakiki tangazo, unachagua nchi na mji unaona ukurasa wa huko bila kuharibu takwimu zako. Alafu Search Console, kwenye ripoti ya utendaji, chuja kwa nchi. Saa nyingine unakuta nafasi ya wastani ya 4 unayojivunia imebebwa na Watanzania wanaotafuta jina la kampuni yako, na kwa Wamarekani upo 47.

Dalili: umeorodhesha washindani na wote ni majirani zako

Hapa ndo pana kazi yenyewe. Muulize mwenye kampuni yeyote washindani wako ni nani, atakutajia ofisi ya ghorofa ya juu, yule jamaa aliyemuibia guide, na kampuni kubwa moja yenye magari mengi. Sawa, hao mnagombania wateja mjini. Kwenye Google pengine hawapo kabisa, na anayekula wateja wako anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga geti la Londorossi, la kupandia Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho.

Fungua Excel au daftari, yoyote. Andika maneno kama kumi na tano ambayo mtalii mwenye nia ya kulipa anaandika, na hapa uwe mkweli, "kilimanjaro" peke yake sio neno la mnunuzi, mwanafunzi wa jiografia naye anaandika hivyohivyo. Chukua kitu kama "lemosho route 8 days price". Mtu anayeandika hivyo ameshachagua njia, ameshachagua siku, kilichobaki ni bei na nani wa kumwamini. Tafuta kila neno ukiwa umeweka nchi ya mteja, andika saiti kumi za mwanzo, mbele ya kila moja andika ni ukurasa wa aina gani. Ukimaliza hesabu nani amejirudia mara nyingi. Hao ndo washindani wako, na orodha hiyo lazima itakushangaza.

Kwa maneno ya Kilimanjaro utakutana na makundi yanayojirudia. Kuna masoko, SafariBookings, Tripadvisor, Viator na wenzao, ambao wao hawapandishi mtu mlima, wanakusanya kampuni. Hawa kushindana nao kichwa kwa kichwa ni kupoteza hela, jisajili ndani yao, omba wateja waandike maoni, uwe jina la juu kwenye ukurasa ambao tayari upo juu. Kuna kampuni za mlima zenye ofisi Uingereza au Marekani ambazo zimekuwa zikiandika kuhusu njia hizi miaka na miaka, nenda Wayback Machine utaona kurasa zao za zamani zilivyokuwa, ukurasa ulioanza kukusanya linki kitambo sana huutoi kwa makala moja ya wikiendi. Kuna bloga aliyepanda mara moja akaandika kila kitu mpaka soksi alizovaa. Alafu kuna kampuni za hapahapa kama ya kwako. Hili kundi la mwisho likitokea kwenye kumi bora, hata mbili tu, neno hilo linawezekana. Likiwa halipo kabisa, kurasa zote mbili za mwanzo ni majitu, achana nalo kwa sasa tafuta neno refu zaidi.

Nikipata ukurasa wa kampuni ya kiwango changu ulio juu, nausoma kama mteja mwenye kadi mkononi. Wa Lemosho kwa mfano: wengi watakuambia njia inaanzia magharibi, utapita Shira, utapanda ukuta wa Barranco, kilele mita 5,895, karibu sana. Bei ipo? Mara nyingi wameandika "wasiliana nasi". Imeelezwa ndani ya bei mna nini, yaani ada ya hifadhi kwa kila siku, ada ya kambi, ada ya uokoaji, VAT ya asilimia 18, mishahara ya wapagazi? Imesema siku ya kuondoka gari linatoka saa ngapi na linafika getini saa ngapi? Imesema mvua za masika za Machi mpaka Mei zinafanya nini kwenye njia ya kwenda Londorossi? Kila palipo na kimya hapo ndo pako, na wewe hayo unayajua bila kugoogle.

Dalili: saiti mbovu kuliko yako inakushinda

Inauma, najua. Saiti imejengwa zama za mafriji ya mafuta ya taa, rangi ya kijani kali, inachelewa kufunguka, ipo juu yako. Kabla hujasema Google inapendelea, tazama mambo haya.

Tazama ni ukurasa gani hasa uliopo juu. Watu wanalinganisha ukurasa wao wa mwanzo na ukurasa wa mwenzao wa ndani unaojibu swali moja tu, hapo lazima upigwe. Kama wewe njia zote za mlima umezibana kwenye ukurasa mmoja na mwenzio ana ukurasa mzima wa Marangu peke yake unaoeleza kwamba ndo njia yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, basi mtu akitafuta Marangu Google inamjua wa kumpa. Kinyume chake nacho kinatokea, una kurasa nne zinazogombania Machame mwenyewe kwa mwenyewe, leo Google inaonyesha hii kesho ile, hamna inayopanda. Search Console inakuonyesha hilo, bonyeza neno kisha fungua kichupo cha kurasa, ukiona anwani nne kwa neno moja ziunganishe.

Alafu linki. Kipima linki cha bure cha Ahrefs kinakuonyesha sehemu ya linki zinazokwenda kwa mwenzio, inatosha kuelewa. Zigawe kwenye zile unazoweza kuzipata na zile ambazo huna namna. Yupo kwenye orodha ya wanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii Tanzania? Na wewe unaweza kuwa mwanachama. Yupo kwenye orodha ya kampuni washirika wa KPAP, wale wanaofuatilia wapagazi wanalipwa na kulishwa vizuri? Hiyo unaipata kwa kuwatendea haki wapagazi wako, na wapo wageni wanaoangalia hiyo orodha kabla hawajalipa, kwahiyo hata bila Google inalipa. Lakini kama gazeti kubwa la Uingereza liliwahi kumuandika, hiyo ya kwake, usiihesabu kwenye mpango.

Kasi ya saiti ndo watu wanaipa uzito kuliko inavyostahili. Ipime PageSpeed Insights, kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, kitufe kijibu ndani ya milisekunde 200, basi endelea na maisha. Haitakupandisha juu ya mtu anayejibu swali vizuri kuliko wewe.

Dalili: upo nafasi ya tatu na kliki hamna

Chukua simu, sio laptopu, tafuta hilo neno, alafu hesabu unasukuma skrini mara ngapi mpaka ufike kwako. Matangazo, jibu la AI ambalo Google walianza kuliweka kwa watu wote Marekani mwezi Mei 2024, kisanduku cha ramani, maswali ambayo watu wanauliza, video, ndo uje wewe namba tatu. Mshindani wako hapo ni ukurasa wenyewe wa Google. Mtu aliyeuliza Kilimanjaro ina urefu gani ameshajibiwa hapohapo, hana haja ya kukliki mtu.

Maneno ya namna hiyo yatoe kwenye mpango hata kama yana watafutaji wengi. Bakisha yale ambayo jibu la mistari mitatu halimtoshi mtu, ya bei, ratiba, kulinganisha njia mbili, vifaa vya kukodi Moshi. Kwenye kisanduku cha ramani napo kuna mchezo wake, Google wenyewe wanasema wanatazama uhusiano na neno, umbali na umaarufu, kwahiyo kwa mgeni aliyeko tayari mjini profaili ya biashara yenye maoni ya kweli na picha za ofisi itakushindia mbele ya saiti.

Dalili: ulikuwa juu, umeshuka ghafla, unahisi kuna mtu amekuchezea

Anza na msimu. Search Console inatunza miezi 16, kwahiyo linganisha mwezi huu na mwezi huuhuu wa mwaka jana, usilinganishe Aprili na Januari alafu ukaanza kulia. Fungua na Google Trends, kama neno zima limelala dunia nzima, hujashuka wewe.

Kama sio msimu, tafuta neno lenyewe uone nani amepanda. Kapanda mtu mmoja mwenye makala mpya? Kasome amefanya nini. Wamepanda watu wa aina moja wote, mfano masoko yamekaa juu na kampuni zimeshuka zote? Hapo Google imebadilisha mawazo juu ya anachotaka mtafutaji, cheki ukurasa wao wa hali ya utafutaji kama kulikuwa na sasisho kubwa siku hizo. Na kuna mtego wa takwimu: Septemba 2025 Google waliondoa njia ya kuonyesha matokeo 100 kwa ukurasa mmoja, njia iliyokuwa inatumiwa na zana nyingi, na saiti nyingi zikaona idadi ya kuonekana imeanguka huku nafasi ya wastani imepanda, wakati kliki zipo vilevile. Ukiona umbo hilo kwenye grafu yako ya kipindi hicho usimfukuze mtu wa SEO.

Hisia kwamba mshindani amekurushia linki chafu ninazisikia sana, ukweli ni mara chache mno. Google ilileta Penguin, mfumo wa kuwabana wanaonunua linki, mwaka 2012, na toka 2016 mfumo huo kwa kawaida unazipuuza linki mbovu kuliko kuadhibu saiti nzima. Angalia Search Console sehemu ya hatua za mikono (Manual actions), yaani adhabu zinazotolewa na watu wa Google wenyewe. Kama ni tupu, acha. Ile zana ya Google ya kukataa linki (disavow) usiiguse, utakata na zile zinazokubeba. Na huyo anayekupigia simu akuuzie linki elfu moja kwa laki moja, linki zake ndo hizohizo zinazopuuzwa, kwahiyo laki yako imeenda tu.

Dalili: zana inasema hamna anayetafuta kwa Kiswahili

Zana nyingi hazina data ya kutosha ya Kiswahili, zikikosa zinaandika sifuri na watu wanaamini. Anza kuandika kwenye Google ukiwa Tanzania "bei ya kupanda mlima..." uone inachokukamilishia, Google haipendekezi kitu hewani. Kisha tazama waliopo juu: habari za zamani za magazeti, faili za PDF, video mbili tatu, ukurasa wa kampuni yenye bei ya dola iliyoandikwa kwa ajili ya Mzungu. Ada za mwananchi ni tofauti na za mgeni na wengi hawazisemi. Hapo mshindani hayupo.

Ila usiende na matumaini ya dola. Mtanzania anayetafuta bei ya kupanda anataka kundi la wafanyakazi wenzake, tarehe za Desemba, bei ya shilingi ya kulipia kidogokidogo, na namba ya WhatsApp inayopokelewa. Ukurasa mmoja wenye hayo manne, bei ikiwa juu kabisa bila kuzungushazungusha, na tarehe ya lini bei hiyo ilihakikiwa mara ya mwisho, uweke, alafu baada ya miezi mitatu rudi Search Console uone ni maneno gani umepata ambayo hukuyafikiria. Maneno hayo ndo yaingie kwenye Excel yako, uanze kuyatazama moja moja nani yupo.